Safu ya Malezi: Je, joto limemharibia mwanangu akili?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Ng'ambo, Tabora mjini. Ninakuandikia saa 5 usiku nikiwa kibarazani, kwa kuwa ndani hapakaliki na watoto wangu wote wawili bado wako macho.

Mwanangu wa kwanza, Swedi, ana umri wa miaka mitano na miezi minne, na anasoma darasa la awali katika shule iliyo jirani na kwetu. Wa pili ni binti wa miezi minne ambaye bado ananyonya. Tumepanga vyumba viwili vya mabati visivyo na dari, na tangu Agosti ilipoisha, mtu akiingia humo alasiri huona kama ameingia kwenye bani la kukaushia tumbaku. Jioni napika kwa jiko la mkaa kwenye ukumbi mdogo ulio kati ya vyumba hivyo, maana nje hakuna kivuli wala uzio.

Mwezi Juni Swedi alikuwa akihesabu hadi ishirini, na irabu zote alizifahamu. Kuanzia Septemba amebadilika. Ukimtuma vitu viwili analeta kimoja, akifundishwa herufi leo kesho ameisahau, na wakati mwingine hulia bila sababu. Mwalimu wake aliniita akaniambia, "Mama, mtoto wako ni mzito," na akashauri mwakani akariri darasa la awali. Niliumia sana. Nikamtafutia tuisheni ya saa 8 mchana hadi saa 9 na nusu, na akitoka huko huenda madrasa hadi saa 11 na nusu jioni. Sijaona mabadiliko, ila anazidi kuchoka. Usiku hugaagaa kwa fukuto mpaka karibu saa 6 ndipo apate usingizi, na saa 12 kasorobo alfajiri lazima nimwamshe ajiandae kwa shule. Siku hizi hata chandarua tumekitoa, kwa sababu akiwa ndani yake hulia kwamba anakosa hewa.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema mtoto amechezewa, na pia ananisisitiza nimpe yule mdogo maji kwa kijiko kwa sababu joto linamkausha. Baba Swedi anacheka tu na kusema kwamba yeye alikulia jua hili hili la Tabora na akili yake haikuyeyuka. Kaka yangu anaishi Mbeya, naye ananiambia nimpeleke Swedi kwake moja kwa moja akasomee kwenye baridi. Nami nimesoma kwenye simu kwamba joto linaua ubongo wa watoto.

Naomba uniambie ukweli. Je, ni kweli joto linaweza kumharibu mtoto akili? Je, nimpeleke Mbeya? Na je, nimekosea wapi?

Mama Swedi, Tabora.

JIBU

Mama Swedi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeandika hesabu moja bila mwenyewe kuiona. Mtoto anayelala karibu saa 6 usiku na kuamshwa saa 12 kasorobo alfajiri hapati hata saa sita za usingizi. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kulala kati ya saa 10 na 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwa umehesabiwa humo, na huo wa mchana kwenu umeliwa na tuisheni. Kwa maneno mengine, Swedi anaishi kwa nusu ya usingizi anaostahili, na amefanya hivyo tangu Septemba, mwezi ule ule unaosema alianza kubadilika. Mtu mzima akilala hivyo kwa wiki mbili tu, naye atatumwa vitu viwili akalete kimoja.

Kwa hiyo nianze na majibu, maelezo yafuate. Usimpeleke Mbeya kwa sasa. Uamuzi wa kukariri darasa uombe usubiri. Tuisheni ya saa 8 mchana iache wiki hii. Chandarua kirudishwe usiku huu huu, na yule mdogo asipewe maji. Kuhusu kosa lako, sioni kosa ambalo mama mwenye vyumba viwili vya mabati angeweza kulikwepa kirahisi.

Sasa tuje kwenye hilo ulilolisoma kwenye simu. Halikutungwa, ila limetiwa chumvi. Mwishoni mwa mwaka 2025 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Jorge Cuartas wa Chuo Kikuu cha New York, ambao ulichambua taarifa za watoto 19,607 wenye umri wa miaka mitatu na minne katika nchi sita: Gambia, Georgia, Madagaska, Malawi, Sierra Leone na Palestina. Watoto hao waliangaliwa kama wamefikia hatua za kawaida za umri wao, kwa mfano kutaja angalau herufi kumi, kusoma maneno manne mepesi na kuzitambua namba kuanzia 1 hadi 10. Wale waliokuwa wakiishi katika joto ambalo wastani wake wa juu ulizidi nyuzi 30 za Selsiasi walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 5 hadi 7, wa kufikia hatua za kusoma na kuhesabu, wakilinganishwa na wenzao wa eneo na msimu ule ule ambao joto lao lilikuwa chini ya nyuzi 26. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa kaya maskini, kwa wanaokosa maji safi na kwa wanaoishi mijini.

Tanzania haikuwemo katika nchi hizo, lakini Malawi ni jirani yetu, na maisha ya mtoto wa kule hayako mbali sana na ya mtoto wa hapa. Kwa upande wa joto, nyuzi 30 si kitu cha ajabu Tabora, kwani mwezi Oktoba kipimo cha mchana hufika nyuzi 32 na zaidi, tena hicho ni cha kivulini, si cha chini ya bati lako. Hata hivyo naomba uelewe utafiti wa namna hii unasema nini na hausemi nini. Unatazama maelfu ya watoto kwa pamoja na kuona mzani umeinama upande gani. Haumtazami Swedi, na hausemi popote kwamba ubongo umekufa. Asilimia 5 hadi 7 ni pengo la kutiliwa maanani na serikali inayopanga madarasa ya mamilioni ya watoto. Kwa mtoto mmoja nyumbani kwake, ni pengo ambalo usingizi, maji na kivuli vinaweza kulipunguza sana.

Utafiti mwingine unaotajwa mara nyingi ni wa mwaka 2024, uliofanywa kwa watoto zaidi ya 2,600 wa jiji la Rotterdam, Uholanzi. Watoto hao walipofika umri wa miaka 9 hadi 12 walipigwa picha za ubongo, na zikaonekana tofauti katika njia za mawasiliano za ubongo kwa wale waliokumbwa na joto kali au baridi kali walipokuwa wadogo, hasa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Ninaitaja habari hii kwa sababu ya binti yako wa miezi minne kuliko kwa sababu ya Swedi, kwa kuwa inatukumbusha kwamba miaka ile ya mwanzo ndiyo ya kulindwa zaidi. Lakini kuona tofauti kwenye picha si sawa na kutoa hukumu kwamba mtoto hana akili, na ninasikitika kila ninapoona habari hizo mbili zikichanganywa ili watu wafungue kurasa.

Joto hulifikiaje somo? Mwili ukipata moto, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, jasho hutoka, na maji yakipungua hata kidogo tu umakini hushuka kabla mtoto hajasema ana kiu. Mtoto hupata taabu hii kuliko sisi kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, hutoa jasho kidogo, na akikimbia huzalisha joto jingi kwa kila kilo ya mwili wake. Zaidi ya hayo, mtoto wa darasa la awali hana mamlaka juu ya joto lake mwenyewe: hawezi kuhama dawati, hawezi kufungua dirisha, na mara nyingi huogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Usiku nao una kazi yake, na hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda. Kile mtoto alichofundishwa mchana hupangwa na kuhifadhiwa vizuri akiwa usingizini. Herufi uliyomfundisha jana akaisahau leo haikukosa mahali pa kukaa kichwani, ila ilikosa usiku wa kuikalisha. Kuna jambo lililofanyika Boston, Marekani, katika joto kali la Julai mwaka 2016, ambalo huwa nawaambia wazazi wanaodhani kwamba haya ni mambo ya watoto dhaifu. Wanafunzi 44 wa chuo kikuu, vijana wenye afya zao, walifuatiliwa siku kadhaa, baadhi wakilala kwenye mabweni yenye kiyoyozi na wengine kwenye mabweni yasiyo nacho. Asubuhi walipewa majaribio mafupi kwenye simu. Wale waliolala kwenye joto walikuwa wazito wa kujibu kwa takriban asilimia 13 katika jaribio la kupambanua rangi na maneno. Nimetumia neno "wazito" makusudi, Mama Swedi, kwa kuwa ni lile lile alilotumia mwalimu. Hakuna aliyewashauri vijana wale wakariri mwaka.

Baba Swedi naye anastahili jibu la heshima, maana hoja yake ina ukweli nusu. Ni kweli amekulia jua hili hili. Swali ni kama alikulia chini ya bati hili hili. Muulize nyumba ya utotoni mwake ilikuwaje, na huenda atakutajia kuta nene za udongo, paa la nyasi na mwembe mkubwa uani. Wazee wa Unyanyembe, yaani eneo hili letu la Tabora, walijenga tembe, nyumba za udongo mnene ambazo paa lake tambarare nalo lilifunikwa kwa udongo, na anayetaka kuona mfano wake aende Kwihara, karibu na Tabora mjini, kwenye tembe walilokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872. Udongo mnene huchelewa kupata moto, hivyo joto la mchana halikuwahi kumfikia mtu aliyelala ndani kama linavyowafikia ninyi. Bati tupu lisilo na dari hulipokea jua na kulimwaga moja kwa moja juu ya kitanda. Sisemi turudi kwenye tembe. Ninasema tu kwamba tulibadilisha paa, tukakata miembe ili tupate nafasi ya vyumba vya kupangisha, kisha tukawaambia watoto wavumilie kama tulivyovumilia sisi.

Kuhusu mama mkwe, mjibu kwa upole lakini usikubali. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata katika Oktoba ya Tabora, kwa kuwa maziwa ya mama ni maji kwa kiasi cha asilimia 87 hivi. Maji ya kijiko humjazia tumbo lisilo na lishe, humpunguzia hamu ya kunyonya, na yakiwa machafu humletea kuhara, ambako katika joto ni hatari kubwa kuliko kiu yenyewe. Anachohitaji ni kunyonya mara nyingi zaidi kuliko kawaida, mchana na usiku, na wewe mwenyewe unywe maji ya kutosha. Asifunikwe kwa kanga nzito anapobebwa mgongoni, wala asivalishwe soksi na kofia ya sufu ndani ya nyumba kwa sababu tu kila mtoto mchanga huvalishwa hivyo.

Lile la kuchezewa nitalipita haraka. Mtoto anayebadilika ghafla apelekwe kituo cha afya kabla ya kupelekwa kwingine kokote, na hapa nina sababu ya pekee ya kukuharakisha. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na Swedi amelala bila chandarua. Malaria inayojirudia humpunguzia mtoto damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu huwa mchovu, mwenye kulialia na asiyeshika anachofundishwa. Dalili zote hizo umeziandika wewe mwenyewe na kuzihesabia joto. Basi mpeleke apimwe malaria na wingi wa damu, na ukiwa huko omba aangaliwe masikio na macho, kwani mtoto asiyesikia vizuri naye huleta kimoja kati ya viwili alivyotumwa. Usimeze dhana ya joto nzima nzima, hata mimi nikikuambia ina uzito.

Sasa chandarua. Hewa haitoshi ndani yake kwa sababu haiingii chumbani, na hilo linaweza kurekebishwa bila kukitoa. Tabora iko juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na hiyo ni neema, kwani usiku hewa ya nje hupoa hata baada ya mchana mkali, wakati mwingine hadi karibu nyuzi 20 alfajiri. Tatizo ni kwamba ubaridi huo unabaki nje, nanyi mmejifungia ndani na moto wa mchana kwa kuwahofia mbu na wezi. Kama madirisha yana nondo, mwombeni baba mwenye nyumba awaruhusu kupigilia wavu wa mbu, kisha mfungue madirisha ya pande mbili zinazotazamana kuanzia jioni ili hewa ipite. Chandarua kitundikwe juu na kwa upana, kisimgandamane mtoto usoni, na Swedi alale kwenye mkeka chini ndani ya chandarua hicho, kwa kuwa hewa ya chini ni poa kuliko ya juu karibu na bati. Kabla ya kulala aoge, au apanguswe kwa kitambaa chenye maji, asikaushwe sana. Kama umeme upo na feni inapatikana, usiiogope kwa sababu ya LUKU: feni ya wati 50 ikizunguka kwa muda wa saa 20 hula uniti moja tu. Isielekezwe usoni mwa mdogo.

Jiko la mkaa lihame leo. Najua umesema nje hakuna kivuli, lakini saa za jioni kivuli si hoja, na mkaa unaowaka kati ya vyumba viwili unaongeza moto ule ule unaoukimbia kibarazani, pamoja na hewa yenye sumu ambayo haionekani wala hainuki. Ikiwezekana pika chakula cha usiku mapema, saa 10 au 11, mle kabla ya giza.

Dari ndiyo dawa kubwa zaidi, nami sitajifanya kwamba mpangaji anaweza kuamua hilo peke yake. Mafundi wa silingibodi wana bei zao. Lakini nimeona watu wakishona viroba visafi au mikeka ya zamani na kuitundika kwenye kenchi, wakiacha nafasi kati yake na bati, na chumba kikabadilika siku ile ile, kwa sababu moto wa bati haumwangukii tena mtu moja kwa moja. Angalizo ni moja: vitu hivyo hushika moto, kwa hiyo visiwe karibu na jiko, kibatari wala nyaya zilizochubuka. Njia nyingine ni kupaka bati rangi nyeupe upande wa nje ili lirudishe jua lilikotoka. Chokaa ni rahisi lakini mvua huisafisha, hivyo hurudiwa kila kiangazi, na kama mnakinga maji ya mvua kwenye paa hilo, mvua za kwanza ziachwe zipite kabla ya kukinga. Mwonyesheni baba mwenye nyumba kwamba paa ni lake na faida ni yake. Wengine husikia zaidi wakiambiwa hivyo.

Nirudi kwenye ratiba ya Swedi, ambayo kwa kweli ilinisikitisha. Nilifundisha madarasa ya mwanzo kwa miaka mingi, na ninakiri kwamba mwezi Oktoba, baada ya mapumziko ya saa 4, nilikuwa nikiwafundisha watoto waliokwishaondoka wakaniachia miili yao kwenye madawati. Wazazi hunijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini samaki anayekunjwa juani hukauka. Somo la saa 8 mchana chini ya bati kwa mtoto aliyelala kwa muda usiofika saa sita halina linachomwongezea, na limemnyang'anya saa moja na nusu ya usingizi. Fedha hiyo inunue wavu wa madirisha. Akitoka shule ale, anywe maji, alale popote palipo na kivuli kizuri, hata kama ni chini ya mwembe wa jirani huku wewe ukifua karibu yake. Madrasa aendelee nayo, ila zungumza na ustadhi kuhusu maji ya kunywa na kuhusu kukaa nje panapokuwa na upepo. Sijawahi kusikia ustadhi aliyekataa. Maji yawe kwenye mtungi wa udongo, yamechemshwa na kupozwa, na aende shule na chupa yake. Kipimo chako ni mkojo wake: ukiwa wa njano iliyokolea, hajanywa vya kutosha.

Kwa mwalimu nenda ukiwa mnyenyekevu, usiende kugombana. Mwambie unachokifanya nyumbani, mweleze mtoto alikuwa halali, na mwombe mambo matatu: Swedi akae karibu na dirisha, aruhusiwe kunywa maji bila kuomba, na kabla ya kuamua kwamba akariri, apimwe herufi na namba asubuhi mapema, si saa 5 jua likiwa limewaka. Suala hili si la kwetu peke yetu. Sudan Kusini ilifunga shule zake Machi 2024 kwa takriban wiki mbili kwa sababu ya joto, ikafanya hivyo tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzimia. Marekani, watafiti waliochunguza matokeo ya mitihani ya wanafunzi milioni 10 waligundua kwamba katika shule zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo ukizidi joto kwa kiasi cha nusu nyuzi tu ya Selsiasi hivi, kujifunza kwa mwaka huo hupungua kwa karibu asilimia 1. Joto la siku za mapumziko halikuwa na athari ya maana. Mahali palipojeruhi ni darasani. Nasi hapa kwetu tumeweka mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na upimaji wa darasa la nne mwezi Oktoba, miezi ambayo Tabora ndiyo inayochemka. Nitaishia hapo, kwa kuwa wewe hukuniuliza habari za mihula.

Kuna hali ambazo hazingoji safu hii. Mtoto akiwa na mwili unaowaka, akachanganyikiwa, akatapika mfululizo, akashikwa na degedege au akazimia, mvue nguo, mweke kivulini, mmwagie maji na kumpepea huku mkimkimbiza hospitali, na aliyezimia asinyweshwe kitu. Hali hiyo inaweza kuwa joto na inaweza kuwa malaria kali. Kuzitofautisha ni kazi ya daktari, si yako wala ya jirani.

Fanya haya kwa wiki tatu, na kila siku andika kwenye daftari saa aliyolala na saa aliyoamka. Mvua kwa kawaida huanza kwetu mwezi Novemba, nazo zitakusaidia kupima: joto likishuka, Swedi akilala kwa muda wa saa kumi, na vipimo vya kituo cha afya vikiwa vizuri, mwangalie kama irabu zinarudi. Zikirudi, nenda na daftari lako kwa mwalimu. Kufikia Desemba akiwa bado hafuati maagizo mawili na bado anasahau alichokijua Juni, hilo ni jambo la kumwonyesha daktari wa watoto, tena bila kuchelewa.

Mjibu kaka yako kwa shukrani. Mwambie Swedi atakwenda Mbeya shule zikifunga, akae na mjomba wake kwa likizo, na Januari atarudi kwa mama yake.

Mshauri wako wa malezi.